Barua ya wazi kwa wenye nyumba wa Kimara, Mbezi, Goba na Kinyerezi

Baba zangu na mama zangu wenye nyumba,

YAH: KODI YA MIEZI SITA, HELA YA DALALI NA MENGINE YANAYOTUSUKUMA NJE YA MJI

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, na tangu niajiriwe nimeishi kwenye nyumba za kupanga. Nyumba tuliyokuwa tunakaa imeuzwa, mnunuzi anataka kuhamia mwenyewe, na ni haki yake. Kwa hiyo natafuta nyingine. Nimezunguka kuanzia Kimara Mwisho hadi Kibamba, nimekatiza Goba, nimeshuka Kinyerezi. Niliyoyakuta huko si mageni kwenu, kwa sababu hufanyika kwenye mageti yenu, mara nyingine nanyi mkiwa mmekaa barazani.

Nawaandikia hadharani kwa kuwa getini hatusikilizwi. Ukisema neno unaambiwa wapangaji wapo wengi, usipochukua wewe atachukua mwingine. Ni kweli tupo wengi, na ndiyo maana nasema kwa sauti, ili na hao wengine wasikie.

Kabla ya malalamiko niwape haki yenu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi na hawakulala barabarani. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini si lenyewe lililowapokea watu hao. Mmewapokea ninyi. Wastaafu waliopeleka kiinua mgongo chote kwenye tofali, akina mama waliojenga kwa hela ya upatu, madereva na wauguzi walionunua tripu ya mchanga mwezi huu na nondo mwezi ujao. Mji huu umejengwa hivyo, na mlijenga bila benki kuwashika mkono. Nawaheshimu kwa hilo, na kwa sababu nawaheshimu nitasema bila kuzunguka.

1. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo

Tupige hesabu pamoja. Tuseme chumba na sebule, jiko dogo, choo ndani, shilingi 150,000 kwa mwezi. Mnataka miezi sita, ni 900,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 150,000. Jumla 1,050,000 kabla sijalipa gari la kuhamisha vyombo na kabla sijanunua kitasa kipya cha mlango. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa 370,000 tangu Julai 2022, na Mei Mosi ya 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kitapanda hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Hata kwa kiwango hicho kipya, hela mnayoitaka siku ya kwanza inazidi mishahara miwili mizima, kabla ya makato, mtu hajala, hajapanda daladala wala hajanunua daftari la mtoto.

Mtu huyohuyo 150,000 za kila mwezi anaziweza. Atajibana, lakini atalipa, na atalipa mwaka hadi mwaka. Kwa utaratibu wenu anahesabiwa kwamba hana uwezo, kwa kuwa tu leo asubuhi hana 900,000 mkononi. Mnampoteza mpangaji mzuri mnayemtafuta na mnampokea aliyeuza kitu au aliyekopa. Na wengi wetu tunakopa. Wenye bahati wanakopa kikoba. Wasio na bahati wanakwenda kwa wale wa kausha damu, wanaacha kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana, na mshahara ukiingia anautoa mkopeshaji kwanza. Huyo ndiye mpangaji anayehamia kwenu akitabasamu, funguo mkononi. Miezi sita ikiisha mnashangaa kwa nini anasuasua kulipa awamu ya pili, wakati bado analipia ya kwanza.

Najua kwa nini mnaitaka kwa mkupuo, wala sidhani ni roho mbaya. Januari ada za shule zinawakaba na ninyi. Kuna ile nyumba ya pili iliyofika kwenye linta inayosubiri bati. Hela ndogondogo za kila mwezi zinaliwa, ya mkupuo inajenga. Hapa kuna ukweli ambao haujasemwa waziwazi: kodi ya miezi sita ni mkopo. Mpangaji anayeanza kazi kwa mshahara mdogo anamkopesha mwenye nyumba, bila riba, ili amalizie jengo lingine. Nchi ambayo mikopo ya nyumba ya muda mrefu huwafikia wachache imetafuta njia yake, na njia hiyo imepita mgongoni mwa mpangaji. Anayekopesha huwa na haki fulani. Sisi hatuna hata moja. Mwalimu akihamishwa mwezi wa pili kwenda Sumbawanga, harudishiwi ya miezi minne. Mtu akifukuzwa kazi, harudishiwi. Mvua za masika zikiingiza maji mpaka kitandani, nyumba ikawa haikaliki, bado anaambiwa alishalipa na hela imeshatumika.

Hofu yenu ya pili naikubali zaidi. Mpangaji sugu yupo. Analipa mwezi mmoja, halafu anaanza hadithi, na kumtoa ni safari ya kwenda kwa mjumbe, serikali ya mtaa, baraza la kata, mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini dawa ya mpangaji sugu ni mkataba unaoeleweka na amana. Nairobi mpangaji wa kawaida anaingia kwa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, kisha analipa kila mwezi, na wenye nyumba wa Nairobi hawajafa njaa. Sisi tunanunua umeme kwa simu na kulipa ada kwa simu. Kodi ya mwezi inashindwaje kupita hapohapo kila tarehe tano?

Ninachoomba ni hiki: mpangaji mpya aingie kwa kodi isiyozidi miezi mitatu, akiikamilisha aendelee kwa mwezi mmojammoja. Kama mna wasiwasi, chukueni amana ya mwezi mmoja, iandikwe kwenye mkataba itarudi lini na itakatwa kwa uharibifu gani. Na mpangaji akiondoka kwa sababu ya uhamisho au msiba, arudishiwe kodi ya miezi ambayo hajakaa, hata kama ni kwa awamu.

2. Dalali

Nitasema kwa kirefu hapa kwa sababu mengi mnafanyiwa nyuma yenu.

Dalali unampata kwa simu. Anakutumia picha: sebule yenye vigae, dari la jipsamu, makabati ya jikoni. Mnakutana kituoni Mbezi. Kabla hamjaondoka anataka hela ya kupelekwa, elfu kumi, wengine elfu ishirini, hairudi hata nyumba usipoipenda. Bodaboda ni juu yako, yako na yake. Njiani anasimama kumchukua mwenzake, kwa maelezo kwamba ndiye mwenye ramani. Mkifika kuna wa tatu amesimama getini, na wote watatu wanategemea ule mwezi mmoja wako. Nyumba yenyewe siyo ya kwenye picha. Ya kwenye picha imechukuliwa jana, anasema, lakini hii nayo ni nzuri. Unafungua bomba la jikoni, linakoroma na kutoa kutu. Dalali anasema maji yanatoka usiku. Mama wa chumba cha jirani, aliyekuwa anafua, anaangalia pembeni. Kwenye kona ya uwanja kuna madumu ya njano yamepangwa kwa urefu wa ukuta. Nyumba yenye maji ya bomba haihitaji madumu mengi namna ile.

Siku nyingine nilipelekwa kwenye nyumba moja na madalali wawili tofauti, kila mmoja akijua ya kwake. Wa kwanza alisema kodi ni 150,000, wa pili akasema 180,000. Mwenye nyumba alipofika nilimuuliza mwenyewe, akataja 130,000. Alishtuka kuliko mimi. Alikuwa anajiuliza kwa nini nyumba yake ina miezi haina mtu.

Wazazi wangu, dalali mmemtuma ninyi. Anawatafutia ninyi mpangaji, anawapunguzia ninyi usumbufu wa simu, anasimama mahali penu. Kwa nini ujira wake wote ulipwe na yule anayetafuta pa kulala? Sisemi madalali wafukuzwe. Wengi wao ni vijana wa mitaa yetu wasio na kazi nyingine, na wapo waaminifu wanaokwambia ukweli kuhusu maji, umeme na jirani mkorofi kabla hujauliza. Lakini kazi isiyo na kitambulisho wala ofisi wala pa kulalamikia inamlea mwongo na kumnyima riziki mkweli.

Naomba mfanye mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu. Andikeni namba yenu ya simu kwenye geti nyumba inapokuwa wazi. Mkimtumia dalali, awe mmoja, na mwambieni kodi kwa maandishi ili asiongeze la kwake. Ujira wake mgawane nusu kwa nusu na mpangaji, ulipwe baada ya mkataba kusainiwa. Na hela ya kupelekwa ikome. Mwenye duka hatozi mtu kwa kuangalia kitenge. Wenyeviti wa serikali za mitaa nao wanaweza kuwaandikisha madalali wa mtaa wao, jina, picha na namba ya simu, wakabandika orodha kwenye ukuta wa ofisi. Kazi hiyo haizidi wiki moja.

3. "Mume wako yuko wapi?"

Hili limeniuma kuliko hela.

Nimeulizwa hivyo kwenye mageti mengi. Ninapojibu kwamba naishi na wanangu, sura inabadilika. Mmoja aliniambia hapangishi wanawake peke yao kwa sababu wanaleta wanaume. Mama mmoja, mtu mzima wa umri wa mama yangu, aliniambia nikamlete kaka yangu aje asaini. Mshahara wangu unaingia kila mwezi, kazi yangu inajulikana, mwenye nyumba wangu wa zamani yuko tayari kupokea simu na kusema nilivyoishi kwake. Hakuna aliyeitaka namba yake. Kijana wa kiume asiye na familia naye anakataliwa kwa sababu yake, ataleta vurugu. Mwenye watoto watatu anaambiwa watachora ukuta. Wengine wanaulizwa kabila, wengine dini, na unajua kabisa jibu likitoka vibaya nyumba itakuwa imeshachukuliwa.

Nyumba ni yenu na mna haki ya kumjua mnayemkabidhi funguo. Basi ulizeni yanayohusu nyumba. Unafanya kazi wapi? Ulikaa wapi mwanzo na kwa nini umeondoka? Mtakuwa wangapi? Nipe namba ya mwenye nyumba wako wa zamani. Ombeni nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa alikotoka. Hayo yatawaambia mengi kuhusu ulipaji na tabia. Pete ya ndoa haijawahi kulipa kodi ya mtu. Kuhusu watoto, ninyi wenyewe mlilea wenu kwenye nyumba hizo au kwenye nyumba za watu kabla hamjajenga. Ukuta unapakwa rangi kwa amana tuliyokwisha kuisema.

4. LUKU na maji

Fupi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anailipa yeye. Kiasi ni kidogo, kanuni si ndogo. Ipunguzeni kwenye kodi ya nyumba, au isemwe wazi kwenye mkataba kwamba mpangaji amekubali kuibeba.

Pale vyumba vinne au vitano vinapotumia mita moja, ugomvi hauishi: huyu ana friji, yule anapiga pasi kila asubuhi, mwingine amesafiri na bado anadaiwa. Mita ndogo za kila chumba zinauzwa Kariakoo, na gharama yake haimrudishi nyuma mtu aliyekwisha kujenga nyumba nzima. Maji nayo, semeni ukweli. Kama bomba linatoka mara mbili kwa wiki, kama kisima kina chumvi, kama kiangazi mnanunua boza, mtu aambiwe kabla hajalipa. Atakayekuja akijua atavumilia. Aliyedanganywa ataondoka.

5. Karatasi

Wengi wenu hamtaki mkataba. Wengine mna daftari la kodi ambalo mpangaji halioni, na risiti mpaka uibembeleze. Sababu inajulikana mtaani kote: karatasi inaweza kufika TRA, na kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10. Hilo lina mahali pake pa kuzungumziwa na Serikali, nami nitakuwa upande wenu mkiomba mwenye vyumba viwili vya uani asitazamwe sawa na mwenye ghorofa. Lakini msitunyime kinga yetu kwa sababu ya hofu yenu.

Angalieni kinachotokea mwenye nyumba akifariki. Mzee alipokea kodi ya miezi sita kwa mkono, Mungu amrehemu, akafa wiki ya tatu. Baada ya arobaini anakuja mtoto mkubwa anasema yeye ndiye msimamizi wa mirathi, walipe kwake. Wiki inayofuata anakuja mdogo wake, anasema kaka hajateuliwa na mahakama, walipe kwake. Mpangaji hana risiti wala mkataba, marehemu hawezi kumshuhudia. Analipa mara mbili au anatoka. Nimeliona likimtokea jirani yangu mwenye mtoto mchanga, akatoka. Karatasi moja yenye saini mbili na muhuri wa serikali ya mtaa ingemlinda yeye, na ingewalinda hata wale watoto wasigombane mbele za watu.

Na notisi. Sisi wa barabara ya Morogoro tumeona mji unavyobadilika. Mwendokasi ulianza 2016 ukageuza Kimara Mwisho kuwa mahali ambapo kila mtu anataka kukaa. Mwaka uliofuata bomoabomoa ya upanuzi wa barabara ikapita kutoka Kimara kwenda Kiluvya, na waliobomolewa nao wakaingia kutafuta pa kupanga. Mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi kikafunguliwa Mbezi Luis. Kila lami inapowekwa, kodi inapanda, na sitaki kuwazuia msipate faida ya mji kukua. Naomba tu isitangazwe leo kwa ajili ya kesho. Mpangaji apewe miezi mitatu ya kujiandaa kabla kodi haijapanda au kabla hajatakiwa kuhama, na asiambiwe kuhama katikati ya muhula. Mimi ni mwalimu, nawaona hao watoto. Mtoto aliyehamishwa ghafla mwezi wa Mei akiwa darasa la saba anafika shuleni saa tatu asubuhi, amesinzia, kwa sababu sasa anatoka Kiluvya na kwao hawakuwa na hela ya kutosha kumhamisha shule. Jina lake linaanza kuonekana kwenye orodha ya watoro. Hakuna anayeandika pembeni kwamba kosa lilikuwa notisi ya siku saba.

6. Neno kwa Wizara, kupitia kwenu

Nakala ya barua hii ni kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Pango ya 1984. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji wa nyumba ya kuishi anaegemea vifungu vya jumla vya Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo inatambua hata pango la muda mfupi la mdomo, na anabaki kumtegemea Mungu na tabia ya mwenye nyumba. Suala la kodi ya miezi sita na ya mwaka limesemwa bungeni zaidi ya mara moja. Wapangaji tumechoka kusikia linafanyiwa kazi.

Najua kuna wazee kati yenu ambao wakisikia neno sheria na neno nyumba kwenye sentensi moja wanakumbuka 1971, Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hofu hiyo ina historia, siidharau. Lakini hakuna mpangaji niliyemsikia akiomba Serikali iwapangie bei. Tunaomba sheria fupi yenye mambo manne: ukomo wa kodi ya mkupuo, mkataba wa maandishi kwa lugha ya Kiswahili, muda wa notisi kwa pande zote mbili, na usajili wa madalali. Mpangaji sugu naye awekewe njia ya haraka ya kutolewa, ili mwenye nyumba asizungushwe mwaka mzima akidai haki yake. Mkiliunga mkono hilo ninyi wenye nyumba, Wizara haitakuwa na kisingizio.

Lakini msisubiri sheria. Yote niliyoyaomba kuanzia namba ya kwanza hadi ya tano mnaweza kuyaanza kwa mpangaji wa kwanza atakayebisha hodi.

Mkikataa, mtaona tunavyozidi kusogea. Tayari wauguzi wanaohudumia Mloganzila, walimu wa shule za Ubungo, askari, wahudumu wa hoteli za Posta wanahamia Kiluvya, Chanika, Bunju, wengine wamevuka mpaka Mapinga. Wanaamka saa kumi alfajiri. Watoto wanafungiwa ndani na dada wa kazi aliye mtoto mwenzao. Jioni mama anafika saa tatu usiku akiwa hana nguvu ya kufungua daftari la mwanawe. Wakati huohuo nyumba mlizozijenga kwa jasho zinakaa wazi miezi miwili, mitatu, majani yanaota mbele ya mlango, kwa sababu kila anayekuja ana hela ya mwezi na ninyi mnataka ya nusu mwaka. Fanyeni hesabu ya hiyo miezi mitatu iliyokaa tupu, kisha mtaje nani amepata faida.

Mimi bado natafuta. Nahitaji vyumba viwili na sebule, kati ya Kimara na Kibamba, mahali ambapo mtoto anaweza kutembea kwa miguu kufika kituoni. Nina kodi ya miezi mitatu na amana ya mwezi mmoja, nina barua ya utambulisho na namba ya mwenye nyumba wangu wa zamani. Kuna maelfu wenye maombi kama yangu na hela kama yangu. Tufungulieni.

Wenu,
Mpangaji na mwalimu,
Mbezi, Dar es Salaam

Nakala:
Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi
Wenyeviti wa serikali za mitaa, Wilaya za Ubungo na Ilala